Kovu Nililolifuta Mimi, Baraka

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya sikusimuliwa, yalinipata mwenyewe, Baraka, siku ya soko, mchana kweupe, miaka ile ya vita ambapo nusu ya mji ilikuwa imekimbilia ng'ambo ya ziwa. Mimi nilibaki na kistudio changu: kompyuta moja, skana, mashine ya kuchapia na jenereta lenye kelele kuliko bunduki.

Akaingia dada mmoja, nguo zikimchuruzika maji. Mvua haikuwepo, lakini wakati wa vita nani anauliza? Alikuwa na kovu refu kwenye paji la uso. Akanipa picha yake iliyojaa matope.

"Fundi, unitengenezee hii sura. Mama yangu iko njiani, anatoka Lubondja, anakuya kuniona leo."

Nikaiskani, nikaifungua kwenye programu ya kusafishia picha. Nikaongeza mwanga, nikafuta matope doa moja moja. Mazoea yana taabu: nikachukua ngozi ya shavuni, nikalifunika nayo lile kovu. Wateja wote walipenda hivyo. Nikahifadhi, nikageuka nikisubiri sifa.

Paji lake lilikuwa laini kama la mtoto mchanga. Niamini! Akajipapasa, akapiga yowe.

"Ulitosha alama yangu, umeifuta! Rudisha, fundi! Mama atanijua na nini?"

Miguu ilitaka kukimbia, sikatai. Lakini dada wa watu alikuwa analia, na kazi niliyoiharibu mimi simwachii mtu mwingine. Nikaiskani picha upya. Hata kwenye karatasi kovu lilikuwa limetoweka. Basi nikaamua kulitengeneza. Nikanakili mkunjo wa kitenge chake pale begani, nikaupunguza, nikaupinda, nikaupandisha kwenye paji. Yeye alikuwa akinionyesha kwa kidole.

"Panda juu kidogo. Hapana, haiko vile. Ikuye karibu na nyusi."

Tulirudia, tukarudia tena. Jenereta lilianza kukohoa, mafuta yanakwisha, nami nikaapa halitazimika kabla sijamaliza. Nilipohifadhi, kovu likajitokeza usoni pake polepole. Nikamchapia picha. Akasema aksanti, akatoka. Pale alipokuwa amesimama, sakafu ilikuwa kavu.

Siku chache baadaye aliingia mama mmoja ameshika picha ileile, nyuma ina muhuri wa studio yangu. Alisema ameikuta kifuani mwa binti yake siku ya kumzika.

"Batu balimutosha mu maji ya muto Mutambala, amekufa, asubuhi ya siku ya soko. Maji ilikuwa imemuharibu sura. Mi nilifika muchana, nikakatala: huyu haiko mutoto yangu, hana kovu. Bakasema basi batamuzika bila jina. Roho ikanisukuma, nikarudia mbele ya jua kuzama. Kovu iko pale! Nilishika, ni laini sawa kitambaa. Njo pale nikamulilia mutoto yangu."

Asubuhi, jamani! Na mimi alinijia mchana. Nilikaa chini, nikalia pamoja na yule mama.

Tangu hapo sifuti kitu usoni mwa mtu bila kumwuliza. Wateja huniita mkaidi, wengine wameshanihama, na waende. Nawe mwenye kompyuta nzuri kuliko yangu, nisikie: safisha matope, ongeza mwanga utakavyo, ila kovu la mtu liache. Hujui ni nani yuko njiani anakuja kumtambua nalo.