Kanda za Bi Raiya

Bi Raiya wa Malindi ana miaka themanini na moja, na hana hata dakika moja ya sauti yake mwenyewe kwenye kanda. Nimesikiliza watangazaji wa miji mingi, wengine kwa lugha ninazozielewa nusunusu, na sijaona mwingine aliyesikika na watu wengi hivyo akabaki mikono mitupu.

Alianza kuigiza michezo ya redio Mombasa akiwa na miaka kumi na tisa. Baadaye alirudi nyumbani akawa mwalimu wa usomaji. Mwanafunzi huketishwa mbele ya mshumaa, asome ukurasa mzima, na mwali usitikisike. Pumzi ikisikika, anaanza upya.

Sheria hiyo aliitoa studio. Kanda zilikuwa chache, na kila alipojisikia akihema alimtaka fundi mitambo, Thoya, afute mchezo wote, warekodi tena siku nyingine. Siku nyingine mara nyingi haikufika. Mwaka jana bintiye, Zeina, alimwomba kitu cha kuwasikilizisha wajukuu. Bi Raiya akapanda hadi Kaloleni kumtafuta Thoya, akamkuta hana kanda hata moja, na bado ana kinyongo: michezo minne mizima, alimkumbusha, ilifutwa kwa amri yake.

Ndipo akamwita Vivian, mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtangazaji Kilifi, aje na kinasa sauti.

Alhamisi asubuhi nilikuwa barazani kwake. Aliwasha mshumaa kwa mazoea, akafungua daftari lake la zamani, akasoma mchezo wake wa kwanza dakika ishirini. Alikuwa mama mkwe, bibi harusi na karani wa korti, na sikuhitaji kuambiwa nani ni nani. Karibu na mwisho pumzi ilimkatika mara moja. Alipomaliza alitabasamu, akaomba ajisikilize.

Vivian alikuwa ameshafuta, kidole bado kwenye kitufe.

"Ulihema, Mwalimu," alisema, kama anayengoja kusifiwa. "Tuanze tena?"

Wakaanza tena. Sauti ilikuwa imekauka, na kwenye ukurasa wa pili ikabaki mikwaruzo tu. Bi Raiya akafunga daftari.

"Nani kakufundisha pupa hiyo?"

"Wewe, Mwalimu."

Bi Raiya akaupuliza mshumaa.

"Kesho asubuhi uje na mashine yako," alisema. "Hicho kidole kiache Kilifi."