Birika Mbele ya Wakwe

Mama alinipigia simu kutoka Koboko kunieleza kwamba wageni wa mdogo wangu watafika Jumamosi, na papo hapo akaniambia nitakaa jikoni. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga viti.

"Wewe utaangalia sufuria," alisema. "Kule mbele binti ya shangazi yako iko. Kazi ya maji nimepatia yeye."

Nyumbani kwetu, wakwe wakija kuposa, dada mkubwa wa binti ndiye anayewanawisha mikono kabla ya kula. Anabeba jagi na beseni, anapiga magoti mbele ya kila mgeni akianzia kwa mzee wao, anamimina polepole. Wageni wanamtazama yeye, na kwa yeye wanaipima nyumba nzima. Asipoonekana, watu wanaanza kuulizana ana kasoro gani. Mdogo wangu ana dada mmoja tu, na dada huyo ni mimi.

Simu ilipokatika nilikuwa nimesimama nje ya darasa langu, hapa Arua, chaki mkononi, hasira imenijaa. Mimi ni mwalimu. Watu wananikabidhi watoto wao niwafundishe kusoma, na mama aliyenizaa hawezi kunikabidhi jagi la maji.

Ni kweli, maji hunimwagikia. Sitajitetea kwa uongo. Vikombe hunitoka mkononi tangu utotoni. Miimo ya milango naigonga kwa bega, hata ya nyumba niliyokaa miaka. Kulia na kushoto sivijui mpaka nisimame nifikiri, na vifungo vya gauni vinaweza kunichelewesha kazini. Marehemu baba, aliyekuwa askari, aliona dawa yake ni kwata. Alinifunga kitambaa mkono wa kulia, akanitembeza uani huku akipiga kelele, "Kushoto! Kulia!" na majirani wakichungulia juu ya ua na kucheka. Alikuwa na nia njema, Mungu amrehemu. Lakini nikikumbuka kile kicheko, shingo inapata moto mpaka leo.

Mama hakuwa na subira hata ya kwata. Yeye alikuwa na neno lake moja: "Leta, mimi nafanya." Nikishika kisu, leta. Nikiinua ndoo, leta. Hata mikono yake hakukubali niinawishe. Alijimiminia mwenyewe, nami nimesimama pale kama mgeni. Nikakua mtu wa kuomba samahani. Nimewahi kumwomba kiti samahani baada ya kukigonga, na hapo sifanyi mzaha.

Mimi pia niliwahi kuposwa. Kwa kuwa sina dada mkubwa, nilipiga magoti mwenyewe mbele ya mzee wa watu, mkono ukachelewa kusimama, maji yakamwingia kifuani. Walikula, wakashukuru, wakaondoka. Baadaye ujumbe ukaja kwamba binti huyu analewa, na kama halewi basi ana kifafa. Mimi, ambaye pombe sijui hata ladha yake! Nyumbani kwetu hakuna aliyesimama kukanusha. Walichofanya ni kuliondoa jagi nisiliguse tena.

Jina la hali yangu nililipata kwenye simu, siku moja nilipokuwa natafuta kwa nini mtu mzima anashindwa kufunga kamba za viatu. Dispraksia. Nilisoma kwamba akili ya mtu ni nzima, mikono na miguu ni mizima, ila amri inayotoka kichwani kwenda kwenye viungo haifiki sawasawa. Mtu anazaliwa nayo. Nilisoma nikilia, halafu nikaacha kulia, nikaanza kukasirika. Kumbe jambo hili lina jina, na hakuna aliyewahi kunitafutia!

Nikaenda kutafuta mtu wa kunithibitishia. Kliniki ya kwanza, daktari kijana alinipima malaria kabla sijamaliza kueleza. Malaria haikuwapo. Akanitazama macho, akainamisha kichwa karibu, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayenistiri, "Madam, wewe nakunywa kidogo?" Nilitoka bila kuaga. Kliniki nyingine waliniandikia vitamini. Shangazi naye alinitafutia mtu wa kunisomea dua, na mtu huyo akasema niliangaliwa kwa jicho baya na jirani. Kisha, wiki ile ile ya simu ya Mama, nikasikia kwamba kuna hospitali, nje ya mji, yenye mtaalamu wa viungo, anayewafundisha watu kutumia mikono baada ya ajali au kiharusi. Nikapanda boda. Dereva ananijua, alisubiri mpaka nikakaa vizuri, akasema kama kawaida yake, "Mwalimu, shika mimi, usishike hewa."

Kwenye dirisha la mapokezi, muuguzi alisikiliza, akacheka. Hakuwa mbaya, alishangaa tu.

"Hii mambo ni ya watoto, mwalimu. Wewe ni mutu mukubwa."

"Na wale watoto wakikua wanakwenda wapi?" nilimuuliza.

Alirudi kwenye daftari lake, lakini mimi sikuondoka. Nilikaa kwenye benchi kati ya akina mama waliobeba watoto wao mpaka mtaalamu mwenyewe akatoka, mama mmoja wa makamo aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniingiza ndani. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja. Akaniambia niguse kidole gumba kwa vidole vingine, kimoja kimoja. Akanirushia mpira mdogo wa kitambaa, nikaukosa, akarusha tena, nikaukosa tena. Aliuliza nilianza kutembea lini, niliandikaje shuleni, naendeshaje baiskeli. Naendeshaje baiskeli! Nilicheka.

Aliniambia ukweli wake bila kuuzungusha. Kuthibitisha kwa mtu mzima kunahitaji wataalamu ambao wako Kampala, na hata huko wengi wanaangalia watoto. "Lakini kile naona, naona," alisema. "Wewe si mulevi, na si mvivu. Mwili yako inafanya kazi mara mbili kwa kitu ambacho watu wengine nafanya bila kufikiri." Nilitaka kumkumbatia na wakati huohuo kupiga meza. Nusu ya maisha yangu imepita nikiitwa majina, na maneno yaliyohitajika yalikuwa machache hivyo.

Nilimweleza habari ya Jumamosi. Aliuliza jagi likoje. Nikamwambia ni kubwa, la bati, mdomo wazi, zito upande mmoja. Akatikisa kichwa. Alisema nitafute chombo chenye kifuniko na mdomo mwembamba, nikijaze nusu, nikishike kwa mikono miwili, na beseni likae juu ya kigoda badala ya kulibeba. Akanifanyisha mazoezi pale pale kwa birika ya plastiki, ile ile inayouzwa kila duka kwa ajili ya kutawadha. Maji yalitoka kama uzi. Yalimwagika kidogo, lakini yalikwenda nilikotaka yaende.

Nikanunua birika mpya ya kijani sokoni Arua, nikaenda nayo Koboko.

Sikujua nabeba vita. Mama alipoiona alishika mdomo. Kwetu birika ile ndiyo watu wanayochukua wakienda kutawadha, na ndiyo wanayochukua wakienda chooni.

"Birika ya choo!" alisema. "Mbele ya wakwe! Wewe nataka kuua mdogo yako?"

"Ni mpya, Mama. Haijaingia choo chochote."

"Watu hapana uliza kama ni mpya. Watu naona birika."

"Mama, kwa birika hii hii tunajitayarisha kusimama mbele ya Mungu. Mungu anaipokea, wakwe wataikataa?"

"Mungu hapana kuja kuoa hapa," alijibu, na siwezi kukataa kwamba hilo lilinishinda.

Nikamweleza kuhusu mtaalamu, nikamtajia lile jina. Alisikiliza huku akichambua mchele. Mwisho akasema hata kama lina jina, halifai kuonekana na wageni. Hapo nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kumwonyesha. Nilimwambia sitaki tena kuwa kitu cha kufichwa, kwamba sikai jikoni, na kwamba wageni wakiuliza nitawajibu mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, hina bado mbichi mikononi.

"Dada, mimi naogopa," alisema. "Wakiondoka?"

"Na mimi naogopa," nilimwambia. Ilikuwa kweli. Nikishindwa, yeye ndiye angebeba lile neno la kifafa, kama nilivyolibeba mimi. Akaenda mwenyewe kutafuta kigoda.

Jumamosi wageni walikaa mkekani, mzee wao katikati na kanzu yake nyeupe. Nikaweka kigoda mbele yake, beseni juu yake, nikapiga magoti, nikashika birika kwa mikono miwili. Niliona macho yakishuka kwenye birika, na kijana mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Mzee, birika ni mpya," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Nimezaliwa na mikono inayochelewa kunisikia. Hospitali wameniona. Silewi na sina kifafa. Kwa jagi ningekulowesha."

Nikampa sabuni, nikaanza kumimina. Ulikwenda vizuri ule uzi wa maji, halafu mkono ukaruka, na maji yakalowesha mkeka karibu na goti lake. Nyuma yangu nikasikia vitambaa vya Mama vikisogea. Alikuwa amekwisha simama, mkono mbele.

"Leta, mimi nafanya."

"Mama, kaa."

Nilimwambia hivyo mbele ya wakwe. Sijui hata nilipata wapi ujasiri huo. Hakuna binti wa Koboko anayemwambia mama yake vile na watu wanasikia. Mzee hakumtazama Mama wala mkeka uliolowa. Mikono yake ilikuwa bado juu ya beseni, viganja wazi.

"Muache," alisema. "Mimi natawadha na hii kila siku. Mwaga, binti yangu, sabuni bado iko."

Nikamwaga mpaka sabuni ikaisha. Nikahamisha kigoda kwa mgeni wa pili, na wa tatu, mpaka wote wakanawa. Wakala. Posa ikakubaliwa, na mdogo wangu akapiga vigelegele vyake mwenyewe huko chumbani, jambo ambalo bi harusi hafanyi.

Walipoondoka tukakaa uani kula kilichobaki. Mama hakuwa amenisemesha tangu mchana. Nilingoja afanye kama siku zote, ajinawishe, anipite. Badala yake alivuta beseni mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili juu yake, akakaa hivyo akitazama pembeni.

Nikachukua birika, nikammiminia. Maji mengine yakamwangukia kwenye gauni lake la sherehe. Hakuondoa mikono, na mimi sikuomba samahani.