Maji ya Saa Sita

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, kule Nakwa kando ya ziwa, bibi yangu mzaa baba alikuwa na katazo lisilo na mjadala: jua likisimama utosini, mtoto asikanyage maji ya ziwa. Bibi alishuka kutoka Mbulu na imani zake zote. Alisema ndani ya maji wapo wenye maji, na saa sita ndiyo saa yao ya kutembea. Ukiwakanyaga wanakunywa damu yako, na utakayobakiwa nayo utaikojoa.

Tuliingia hivyo hivyo. Mimi na binamu yangu Restituta, yatima wa baba mkubwa aliyelelewa na bibi palepale uani, tulikuwa tukitumwa maji tunazama kwenye matete mpaka magotini, tunaokota konokono wadogo na kushindana nani ana wengi. Leo nikiwakumbuka wale konokono mwili unanisisimka.

Resti ndiye aliyeanza kukojoa damu. Alinionyesha nyuma ya choo, wala hakulia, akaniomba tu nisimwambie bibi. Nikakimbilia kwa mama, maana mama alikuwa nesi wa zahanati na mimi niliamini hakuna ugonjwa asioujua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama na mimi niliingia majini. Nikakubali.

Jioni alirudi na fimbo ndefu yenye alama za rangi. Akanisimamisha mlangoni, akailinganisha fimbo na urefu wangu, akanilisha ugali mpaka nikashiba, halafu akanimezesha vidonge vikubwa, vichungu ajabu. Niliuliza vya Resti viko wapi.

"Hivi ni vya minyoo tu," alisema. "Ya Resti ni mambo ya bibi yako. Usimwambie mtu."

Haikupita wiki, bibi akaiona damu kwenye nguo. Kwetu mtu aliyeguswa na wenye maji hutengwa asije akawaambukiza wengine mkosi. Resti akapewa chumba cha nyuma na kikombe chake mwenyewe, akakatazwa kusogelea ng'ombe, na shule akaambiwa asahau mpaka mwaka ugeuke. Mwaka uligeuka, damu ikapungua, bibi akasema wamemsamehe, lakini darasani Resti hakurudi tena. Nani angekaa dawati moja naye? Kila asubuhi mama alipita dirishani pake na sare yake nyeupe, na Resti akaamkia, "Shikamoo mama mdogo." Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaenda kazini kuwatibu watoto wa watu.

Nilifika kidato cha tano, nikasoma baiolojia kwa moyo wote, maana nilitaka kuwa kama mama. Siku moja mwalimu alichora ubaoni konokono, mguu wa mtu na kibofu, akaviunganisha kwa mishale. Akasema viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi mchana, jua likiwa kali, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Nilicheka peke yangu, wenzangu wakanigeukia. Bibi, ambaye hakujua hata kuandika jina lake, alikuwa ameipata saa yenyewe.

Kisha mwalimu akaeleza tiba. Ni vidonge, mtu anakunywa akiwa ameshiba, na idadi yake hupimwa kwa urefu, kwa fimbo yenye alama. Kalamu yangu ilisimama. Wengine waliendelea kuandika, mimi nikatazama ile mishale mpaka kengele ikalia.

Likizo nilimkuta mama anachambua maharage mlangoni. Nilimuuliza kama alijua kuwa kilikuwa kichocho.

"Nilijua."

"Na dawa ilikuwepo."

"Ilikuwepo." Akatupa kokoto uani. "Flora, mimi kwenye ukoo huu ni mtu wa kuja. Ningempinga bibi yako hadharani ningerudishwa kwetu Singida, na wewe ungebaki huku. Nilichagua mtoto wangu."

"Na Resti?"

"Resti alikuwa mtoto wa bibi yako," alisema, akaendelea kuchambua.

Hofu yake naielewa, hasa sasa nikiwa na wanangu. Ila kuelewa hakujaniponya. Bibi alikosea jina la adui, lakini alituonya sote, mimi na Resti, bila kubagua. Mama alilijua jina la kweli, akalifunga mdomoni, na mimi niliyempelekea siri ya Resti nikidhani naipeleka kwenye msaada, akanifanya niondoke na dawa peke yangu.

Resti aliolewa, akarudishwa kwa sababu hakuzaa. Hospitali walimwambia ugonjwa ulikaa mwilini muda mrefu mno. Siku hizi huja kwangu Bagara kwa bodaboda, na nikimmiminia chai hutoa kikombe chake kwenye mkoba. Anasema amezoea tu.

Akiondoka hunishika mkono pale getini. "Nisalimie mama mdogo," husema. "Kipindi kile watu wote walinikimbia. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananiitikia."

Mama hukaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Salamu hizo sijawahi kumfikishia.