Wivu ulinipaka limao usoni, nikapanda nalo mlimani

Wakuu, heshima zenu.

Haya ninayoandika sijaongeza chumvi. Anayebisha aje huku kwetu Kilema, chini ya mlima, aangalie shavu langu la kushoto, ushahidi bado upo.

Niiteni Evarist. Mimi ni assistant guide, napandisha wageni Kilimanjaro. Uso wa mtu wa mlimani mnaujua: jua la kule juu, upepo, baridi, midomo imepasuka, pua imebabuka. Wenzetu wa ofisini wanazeeka kwa miaka, sisi tunazeeka kwa safari.

Sikuwahi kujali. "Mwanaume uso wa nini?" ndivyo nilivyokuwa najibu.

Na aliyekuwa ananiuliza ni mchumba wangu, Haika, mtoto wa Kirua Vunjo. Haika anatengeneza mafuta ya uso ya parachichi, ya nyumbani kabisa. Aliwahi kuniomba anipake apige picha ya before and after. Nikamcheka. Nikamwambia mimi sio chapati.

Kwa watakaouliza anatengenezaje: anachukua parachichi zilizoiva mpaka zimelegea, anaziponda, anatandaza nyembamba kwenye sinia, anaanika mpaka zikauke na kuwa nyeusi, halafu anakamua kwa kitambaa safi. Yanatoka ya kijani. Anachuja, anaweka kwenye chupa ya rangi nzito isiyopitisha mwanga. Unapaka matone machache usiku, uso ukiwa na unyevunyevu. Basi, hakuna kingine.

Shida ni jua. Huku kwetu juu jua ni la kubahatisha, mawingu yanashuka hadi kwenye migomba, parachichi zinaoza kabla hazijakauka. Ikabidi awe anashuka kuanika Moshi mjini.

Kwa nani? Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Kwa Gody.

Gody, jina kamili Godlisten, ni guide mwenzangu, tena yeye ni chief guide. Ni wa Kirua pia, amekua na Haika, wamepata kipaimara siku moja kanisa moja. Amepanga nyumba mjini yenye ua mkubwa wa saruji, jua linapiga pale kutwa nzima.

Na ana uso, wakuu. Sijui niwaelezeje. Anapanda mlima uleule ninaopanda mimi, analala kwenye baridi ileile, lakini uso wake umetulia kama sahani iliyooshwa sasa hivi.

Siku moja nafungua status ya Haika, nakutana na Gody. Uso mzima umejaa screen, unang'aa. Chini ameandika: "Mlima haujamuweza, parachichi limemtunza."

Nikaikuza ile picha. Pembeni ya shavu la Gody kulikuwa na kidole gumba. Kidole kina kovu la panga. Hilo kovu nalijua, nimelibusu mara nyingi tu.

Jioni Haika ananiambia anacheka, "Yaani wadada wa mjini wamevamia, wengine hawaulizi hata mafuta, wanauliza kama kaka ameoa."

Nikacheka na mimi. Moyoni nilikuwa naungua.

Sikumuuliza kitu. Huo ndio wivu wa kwetu wanaume, unakaa kimya halafu unapika mambo. Kuanzia hapo akisema tu "kesho nashuka Moshi", chakula kwangu hakipandi. Nawaza uwani kwa Gody. Nawaza sinia. Nawaza kile kidole.

Nikaamua: kama ni uso, na mimi nitakuwa nao.

Tukapata safari ya kupitia Marangu, Gody akiwa kiongozi wetu. Siku chache kabla, tukiwa mjini tunaandaa vifaa, nikamvuta pembeni. Nikajifanya natania, nikamwita mangi kama tunavyoitana Wachagga.

"Mangi, huo uso siri yake nini? Ni yale mafuta tu?"

Akaniangalia kidogo, kisha akacheka. "Mafuta peke yake hayatoshi, mangi. Kamulia na limao. Halafu paka asubuhi, sio usiku. Utaniambia."

Nilipaswa kumuuliza Haika. Lakini kumuuliza Haika ilikuwa sawa na kukiri kwamba namuonea wivu Gody, na mimi ni bora nife.

Nikachukua chupa aliyowahi kunipa nikaitupia kabatini, nikakamulia limao. Havichanganyiki vile vitu. Nilikuwa natikisa kama dawa ya kikohozi, nikifungua tu, navyo vinaachana.

Kila asubuhi mlimani nilikuwa najificha nyuma ya vibanda, napaka uso mzima mpaka shingoni. Wagumu, yaani wale wabeba mizigo, walishaanza kunishangaa kwamba nanukia kama kachumbari.

Mkishatoka kambi ya Horombo kuelekea kambi ya Kibo hakuna mti. Ni uwanda mtupu na jua, tena la kule juu halina huruma. Hapo Gody akanijia na skafu yake mkononi, ile tunayovuta hadi puani.

"Jifunike uso, mangi. Jua la leo sio zuri."

Nikamjibu niko sawa.

Moyoni nikasema, aha, ameona namkaribia, anataka nifunike. Wakuu, nilivua na kofia.

Kesho yake uso ukaanza kuwaka. Nikafurahi, nikajua dawa inafanya kazi. Ikafika wakati wa kushuka, nikishika shavu nasikia malengelenge. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliniangalia akafunika mdomo, akawa ananiambia sorry, sorry, utadhani yeye ndiye aliyenichoma.

Gody alinipokea begi langu akalibeba pamoja na lake mpaka getini. Nilimchukia zaidi kwa wema wake.

Nyumbani mama yangu aliponiona alipiga yowe. "Yesu wangu! Nani kammwagia mwanangu maji ya moto?"

Haika hakupiga yowe. Alichukua ile chupa kwenye begi langu, akainusa.

"Evarist, umeweka limao?"

"Kidogo."

"Ukakaa juani?"

"Sasa mlimani nitakaa wapi?"

Akakaa chini akalia. Mimi nikageukia ukutani, maana nilikuwa nimevimba jicho na sikutaka anione nikimwangalia kwa jicho moja.

Hospitali daktari alinieleza vizuri tu. Maji ya limao yakiwa kwenye ngozi halafu ukapigwa na jua, ngozi inaungua, na inaacha madoa meusi yanayokaa muda mrefu. Hata pale yalipochuruzika shingoni palikuwa na michirizi. Akanipa dawa, akaniambia nisionane na jua kabisa mpaka atakaposema. Na mlimani nisahau kwanza.

Hebu fikirini. Msimu wa wageni, mimi nimefungiwa ndani, pazia limeshushwa. Gody anapanda mlima. Akishuka yuko nyumbani kwake, na Haika ana oda za watu, anakwenda kuanika palepale uwani. Mateso gani hayo?

Asubuhi moja nasikia mtu anabisha hodi. "Shikamoo mama." Sauti ya Gody.

Aliingia ameshika sale.

Kwa msio wa huku kwetu, sale ni ule mmea wenye majani marefu tunaopandia mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani. Mtu aliyekukosea akija na jani lake limefungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na hata awe ameua ng'ombe wako, unatakiwa umsikilize na umsamehe. Hiyo ni kubwa. Mtu haji na sale kukusalimia.

Wakuu, kama amekuja na sale, basi amenikosea. Na mimi nilikuwa najua kosa moja tu.

Haika alikuwa jikoni anakoroga mtori. Akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikamwangalia yeye, nikamwangalia Gody, nikasema moyoni, nilijua.

Gody alipiga goti. "Ni lile limao," akasema. "Nilijua linaunguza. Shangazi yangu lilimbabua akiuza ndizi juani. Nilitaka ubabuke kidogo tu, mangi. Sio hivi."

"Kwa nini?"

Akainama. "Akija kuanika parachichi zake kwangu, kutwa nzima ni Evarist kasema hivi, Evarist anapenda vile. Hata siku ananipaka yale mafuta apige picha, anasema natamani angekuwa Evarist, ila yeye amekataa. Mimi nimekua na huyu. Nilikuwa nasubiri nijipange niongee naye, ukanitangulia. Nikachoka kulisikia jina lako nyumbani kwangu."

Mwiko wa Haika unadondosha mtori sakafuni, mama hata hamgombezi.

Niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichosikia sio hasira. Nilisikia raha. Miezi yote nawaza uwani kwa Gody, kumbe uwani kwa Gody zinaongelewa habari zangu.

Raha ilidumu kidogo tu. Nikakumbuka kwamba jamaa amekiri anampenda mchumba wangu.

Gody akaninyooshea sale, mimi nikarudisha mikono mgongoni. Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, sale halirudishwi."

Nikalipokea.

Nilichojifunza: mafuta ya parachichi hayana kosa, kosa ni kuyaongezea mambo. Paka usiku, yakiwa yenyewe, na jaribu kwanza nyuma ya sikio. Limao weka kwenye supu. Asubuhi funika uso na vaa kofia, hata kama anayekushauri humpendi. Na wivu usiufuate kichwakichwa. Wa kwangu ulinusa sawa, ila ulikosea mtu. Ulimshika Haika, ambaye hakuwa na habari.

Sasa madoa yanaanza kufifia. Haika ananipaka mwenyewe kila usiku, kwa kidole kilekile. Siku hizi sisemi habari za chapati.

Desemba hii tunapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi ya kuposea, kwa baba yake Kirua. Gody ameomba awe mmoja wa watakaoisindikiza, kwa kuwa ni jirani wa pale na mzee anamsikiliza. Mama amesema ndiyo. Mimi bado sijajibu, ndiyo maana nimekuja kwenu. Wenye busara, na hasa Wachagga wenzangu, nimkubalie?

Maana leo asubuhi Haika kashuka tena na masinia yake. Nikamuuliza, hivi bado unaanika kwa Gody?

Akaniambia, "Evarist, sale ulilipokea, hukulipokea?"

Nimekaa ndani, pazia limeshushwa, naandika huu uzi. Huku Kilema mawingu yameshashuka tangu mchana, na Haika bado hajarudi.

Mlioko Moshi mjini, nawaomba mnijibu haraka: huko jua bado linawaka?