Kiti cha Mito

Jirani anabomoa matuta alimofukia nyasi mwaka jana, na harufu ya nyasi zilizooza imeingia mpaka sebuleni.

Mikono ya bibi ilinukia hivyo. Kijijini alilima mpaka jua linazama, kisha akalala fofofo. Baba alipomleta kwetu mjini, Mazwi, alimpokonya jembe kwa heshima zote.

“Umetulimia vya kutosha, mama. Sasa kaa,” alimwambia, akamnunulia kiti cha mito.

Bibi akakaa. Mchana alisinzia kitini, usiku tukamsikia akizunguka ukumbini. Asubuhi moja nilimpelekea chai, nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?”

Nilimtajia jina la baba. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyefika ugenini, huku vidole vyake vikichimba mto wa kiti, vikifukia kitu nisichokiona.

Leo baba ndiye anayekaa pale. Harufu imemfikia, anashika mikono ya kiti, anajaribu kuinuka.

“Kaa, baba, utaanguka,” namwambia, maana sijui jingine la kumwambia.

Anakaa, na vidole vyake vinaanza kuchimba mto.