Futi Sita Migombani

Kwetu Muleba huuzi nyumba. Unauza kibanja, na nyumba inafuata kama mkia. Kibanja ni migomba, mibuni iliyojificha chini yake, na wafu waliolala chini ya vyote. Mnunuzi makini akishakagua maji na barabara, huuliza waliozikwa ni wangapi, na kama kuna wanaosubiri.

Kibanja cha babu, kule mlimani, kilikuwa na mmoja anayesubiri: shangazi. Aliachika nikiwa mtoto, akarudi nyumbani, akamuuguza bibi, akamzika nyuma ya jiko, akabaki na migomba. Kwa mila zetu binti aliyerudi anakula kibanja, hakimiliki. Basi baba mkubwa alipotaka kuuza, hakumuuliza. Aliuliza ukoo kwanza, kama desturi inavyotaka, nani ananunua. Wanaume wote tulikaa kimya, kila mmoja akingoja bei ishuke. Akatokea mchuuzi wa samaki kutoka kisiwa cha Bumbire, mtu wa kuja, akakubali bei ile ile.

Kwenye kikao nilipewa kalamu. Ndiyo faida pekee ambayo ukoo umewahi kuiona katika shahada zangu.

Shangazi hakuomba nyumba. Aliomba azikwe kando ya mama yake.

"Makaburi yaliyopo nayapokea," mnunuzi alisema. "Yajayo, hapana."

"Ni moja tu, waitu," shangazi akambembeleza kwa heshima.

"Mama, ukizikwa wewe watakuja wa kukulilia, halafu wa arobaini. Mimi nanunua shamba au nanunua msiba?"

"Dada, basi fanya haraka," baba mkubwa akasema. "Hatujatia saini."

Kikao kizima kilicheka. Nami nilicheka, kisha nikajikohoza kwa heshima ya elimu yangu. Nikamwambia shangazi kwamba kwangu Nyanga kuna chumba.

"Nyanga nimemzika nani?" akaniuliza, akamgeukia mnunuzi. "Tajiri, migomba hii utaipalilia wewe? Kwa mikono hiyo ya kupara sangara?"

Mnunuzi aliitazama mikono yake. Akafikiri.

"Palilia, chuma kahawa, futi sita zako utazipata. Lakini siku ukishindwa kazi, hatudaiani."

"Nitakufa nimesimama."

"Mnaona?" baba mkubwa akasema. "Yameisha kindugu."

Niliyaandika yote kwa Kiswahili fasaha. Nakumbuka hata nilirekebisha mkato.

Mwaka jana nilipanda kumsalimia. Mnunuzi alikuwa barazani, kaezeka bati jipya. Shangazi nilimkuta migombani, mkono wa kulia umevimba hadi kiwikoni, kaufunga kwa kipande cha kanga. Alikuwa ameanguka, na vidole havikunjiki.

"Twende hospitali," nikasema.

"Punguza sauti. Nikilazwa hospitali, utanizika mfukoni mwako?"

Mnunuzi alikuwa ameshatukaribia. "Karibu, mgeni. Shangazi yako ana nguvu huyu! Atatuzika sisi sote." Kisha akauona mkono. "Hapo pana nini?"

"Nyuki," shangazi akadakia.

Akanitazama mimi, msomi, mwandishi wa mkataba.

"Nyuki," nikasema.

Akaridhika, akarudi barazani. Shangazi alihamishia panga mkono wa kushoto, akaanza kukata majani makavu ya mgomba ulioota pembeni ya bibi. Alikosea mara nyingi. Nilisimama kati yake na baraza, nikiwa nimetanua koti, mpaka alipomaliza.