Nyanyueni Miguu, Chipsi Zinasema

Dada wa mume wangu, wifi yangu mimi, pale karakana ya ushonaji hana jina lingine zaidi ya Mama Karai. Karai lake ni jeusi tii, limebonyea upande mmoja kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino. Kila siku, kabla ya chakula cha mchana, lilikuwa likitelekwa juu ya jiko la mkaa pale uani, nyuma ya chumba cha mafundi. Mimi kazi yangu ni vifungo na mapindo, na meza yangu iko kando ya mlango wa uani, mwanangu Kidoti akiwa amelala miguuni pangu kwenye beseni lenye mabaki laini ya vitambaa. Kwa hiyo wifi nimemtazama sana. Na nilichogundua ni hiki: chipsi zake hazitazami. Anazisikiliza.

Anainamisha sikio kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Siku moja nilimuuliza.

"Wifi, mafuta yana maneno," akaniambia. "Yakipiga kelele, kiazi bado kina maji. Yakianza kunong'ona, kimeiva. Hapo unaepua. Ukisubiri yanyamaze, umeshaunguza."

Basi aliishi hivyo, yeye na karai lake, mpaka bibi harusi mmoja alipokuja kujaribu gauni. Gauni jeupe pe, limechukua wiki nzima. Akalivaa, akageuka mbele ya kioo, akanusa bega lake, akasema, "Jamani, mbona nanukia chipsi?"

Mafundi tuliinama kwenye vyerehani tusionekane tunavyocheka. Bosi hakucheka. Jioni alitoka uani, mikono nyuma.

"Mama Karai, si kwamba sikupendi. Lakini kuanzia Jumatatu, moshi na karai la mafuta hapa uani basi. Nguo zinanuka."

Wifi akajibu, "Sawa bosi," sauti ya kawaida kabisa. Ila aliyekula chipsi za mwisho siku ile alizikuta zina chumvi mara mbili. Mimi nilijua. Kule barabarani alishauza zamani, akafukuzwa huku na huku kama kuku aliyeingia sebuleni. Pale uani ndipo palikuwa mahali pake pekee pa kutua. Akitoka pale, anakwenda wapi?

Nikiwa namfunga Kidoti mgongoni ndipo akili ilipowaka kama taa. Nikamkimbilia.

"Wifi! Lile dude langu juu ya kabati!"

"Dude gani?"

"Eafraya! Kile kikaangio cha upepo!"

Kilitoka kwa mama mmoja niliyekuwa namfulia, akahama, akaniachia. Mimi sikujua hata pa kuanzia, nikakigeuza kabati la soksi za mtoto. Kinafanana na yai kubwa jeusi, na kikapu chake kinavutwa kama droo.

Wifi alinitazama kwa huruma. "Upepo unakaanga, wifi? Upepo unakausha nguo."

Lakini alimrudia bosi palepale, akamwomba hiyo Jumatatu moja tu: bila moshi, bila karai, na chipsi zikiwa mbaya ataondoka mwenyewe bila kusukumwa. Bosi akaangalia saa, akaangalia dari, akakubali.

Jumapili akaja kwangu na viazi. Tukatoa soksi, tukaosha kikapu, tukachomeka. Nilipogeuka kumchukua Kidoti, wifi, mkono wa mazoea, akamimina mafuta kikapuni kikombe kizima! Yakapita kwenye matundu yakatuama chini, mashine ikaanza kufuka moshi, tukachomoa mbiombio, madirisha yote wazi, mtoto anapiga makofi.

Mara ya pili tuliweka mafuta kidogo, lakini viazi vikatoka vimelegea, vinaning'inia mkononi kama kamba za viatu. Mume wangu akaonja.

"Mbona vitamu? Viazi vya kuchemsha hivi vimetulia."

"Kaka," wifi akasema, "tafuna kimya."

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaikazia mashine macho. "Shida yake haisemi. Inavuma tu mwanzo mpaka mwisho, kama mtu mwenye mafua. Nitajuaje?"

Nilimwonea uchungu. Karai lilimzungumzisha miaka yote, sasa amepewa bubu. Nikasema labda tuanze na yale maji. Kama kelele ya mafuta ni maji ya kiazi, basi tuyatoe kabla. Tukakata vipande vyembamba vinavyolingana, tukaloweka kwenye maji baridi mpaka yakawa meupe kwa wanga, tukamwaga, kisha tukavikausha kwa kitambaa safi cha marekani, kipande kimoja kimoja, kama unavyomfuta mtoto katikati ya vidole. Kijiko kimoja cha mafuta, tukavichanganya kwa mkono. Tukavipanga vichache, visibanane.

Katikati wifi akavuta kikapu, akakitikisa. Pwata, pwata. Akakirudisha. Baadaye akakitikisa tena. Safari hii: chaka! chaka! chaka! Kama majani makavu.

Wifi aliganda, kikapu hewani.

"Umesikia?"

"Nimesikia!"

"Imesema, wifi! Kumbe inasema ukiitikisa!" Tukashikana mikono tukaruka jikoni kama wasichana wa shule, chipsi moja ikaangukia kichwani kwa Kidoti, akaila.

Jumatatu mashine ikakaa uani juu ya stuli, waya umepita dirishani mpaka kwenye plagi ya pasi ya zamani. Mafundi hawana dogo.

"Mama Karai," akaita Fundi Kola, yule wa mashati, "hiyo redio yako inashika stesheni gani?"

"Inashika stesheni ya walafi. Wewe ndiye mtangazaji."

Wifi alicheka, lakini kitambaa cha kichwani alikifunga mara tatu. Akapanga viazi vyake, vimekauka vizuri, akawasha. Harufu ikaanza kuja taratibu, harufu ya kiazi chenyewe, siyo ya mafuta. Nikasahau kifungo, nikajidunga sindano.

Akavuta kikapu, akatikisa. Akakunja uso. Akatikisa tena, sikio karibu liguse chipsi. Ndipo nikaelewa. Nyumbani kulikuwa kimya. Hapa vyerehani vyote vya miguu vilikuwa vinakimbia, kere kere kere, chumba kizima kinatetemeka. Hasikii kitu! Akirudisha zitaungua, akitoa zitakuwa kamba za viatu, na bosi yuko ofisini anasubiri.

Wifi akaja mlangoni, kikapu mkononi, jasho puani, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nyanyueni miguu!"

Mafundi wakashtuka, wakadhani ni nyoka. Kila mguu ukapanda juu. Magurudumu yakazunguka kidogo, yakapunguza kasi, yakasimama. Kikawa kimya ambacho karakana ile haijawahi kukijua mchana. Hata Kidoti aliketi kwenye beseni lake, kidole mdomoni.

Wifi akatikisa.

Chaka! Chaka! Chaka!

"Zimesema!" nikapiga kelele, vifungo vyangu vikamwagika sakafuni.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Bosi akatokeza, miwani kwenye paji la uso. "Mbona kimya? Kuna nini?" Kisha akawaona mafundi wake wote wameketi miguu juu kama watu waliofikiwa na mafuriko.

Wifi alikuwa ananyunyiza chumvi. Akampelekea sahani. Bosi akachukua moja, akaivunja. Ilivunjika kwa mlio. Akatafuna. Akachukua nyingine. Akainusa mikono yake, akalinusa shati lake mwenyewe begani, akamsogelea fundi wa magauni akanusa satini iliyokuwa mezani. Sisi miguu bado juu, mapaja yanauma.

"Mafuta uliweka wapi?"

"Kijiko kimoja tu, bosi."

Akachukua ya tatu, halafu akaondoka na sahani nzima. Mlangoni akageuka.

"Ile plagi ya pasi ya zamani ni yako. Na kesho mkinyamaza tena, mjue nakuja."

Kelele iliyopigwa humo, sina maneno. Fundi Kola alikuwa wa kwanza kwenye foleni, anaomba stesheni irudiwe. Wifi akaniangukia begani, analia na kucheka pamoja, mikono yake imejaa chumvi shingoni kwangu.

"Wifi," akaninong'oneza, "zile soksi za mtoto utaziweka wapi sasa?"

Nikamwambia kwenye karai.